Lile Baka la MC wa Ifakara Halikuwa Mkorogo

Ilianza na picha moja ya send-off. Ukumbi wa Ifakara, mataa ya zambarau, MC mwenyewe kapendeza ndani ya gauni la kijani, maiki mkononi, na kwenye shavu la kulia baka moja lililopauka, ukubwa wa shilingi mia mbili. Mpiga picha alisahau kuweka filta. Kufika asubuhi picha imeshazunguka magrupu ya WhatsApp kuanzia Kibaoni mpaka Mlimba, na kila mwenye bando akawa daktari.

"Mkorogo umemgeuka huyo, tulimwambia." "Fangasi hiyo, apake limao na chumvi." "Kakanyaga miwaya, mbona iko wazi jamani." "Kuna mtu kamtupia, si mnajua kazi yake ina maadui." Mmoja aliandika "nenda hospitali dada angu", akachekwa eti hana ubuyu.

Jina la huyo dada halitaandikwa hapa. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawapungukiwi kitu. Kinachosumbua ni kwamba kati ya mamia ya watu waliovuta ile picha kwa vidole viwili wapate kuliona baka vizuri, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo kuliko yote: je, linawasha?

Halikuwa linawasha. Halikuwa linauma. Halikutoa magamba wala maji, na wala halikuwa jeupe kama maziwa. Lilikuwa limepauka tu, limekauka, kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa wakati wa kupaka mafuta. Kwa mtu wa mjini dalili hizo ni habari njema: haliumi, haliwashi, basi litaondoka. Kwa bonde la Kilombero ni kinyume kabisa, na hapo ndipo ujuaji wa mitandaoni ulipomponza mtu.

Alichofanya ni kile ambacho wengi wangefanya. Alienda duka la dawa, akaonyesha shavu juu ya kaunta, akapewa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, zote ndani ya tyubu moja, kwa bei ya chipsi mayai. Muuzaji hakumgusa. Hakumuuliza kama kuna mabaka mengine. Baka halikubadilika, akaongezewa tyubu nyingine, na juu yake akawa anapaka fondesheni nzito kila penye shughuli. Miezi ikakatika hivyo.

Hizi krimu za mchanganyiko zinastahili kusemwa kidogo, maana kila pochi ya mjini ina moja. Steroidi ndani yake hutuliza muwasho haraka, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini mtu mwenye choa akiipaka, muwasho unapoa huku fangasi inazidi kutambaa, na ile duara yenye ukingo ulioinuka, ambayo ndiyo alama ya choa, inafutika. Akija kufika kwa daktari, ugonjwa umeshabadilika sura. Usoni ikitumika kwa muda mrefu inafanya ngozi iwe nyembamba, inaleta chunusi za ajabu na vimishipa vinavyoonekana kama uzi. Halafu mtu anapaka zaidi ili kuficha hivyo. Wale mastaa wanaozitangaza laivu kwa jina la "krimu ya kung'arisha" wanajua wanachokifanya, au wanalipwa wasijue.

Turudi Ifakara. Kilichomshtua MC mwenyewe hakikuwa baka, ilikuwa pasi ya nywele. Siku moja anajinyoosha nywele saluni, akasikia harufu ya kitu kinaungua. Akatafuta nywele zilizoungua hakuziona. Kumbe ni kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, kimelala kwenye chuma cha moto, na yeye hana habari.

Aliyelijua tatizo ni bibi yake, mzee wa Kindamba aliyekuja mjini kutoka shamba baada ya mavuno. Alitazama lile jeraha, akatazama shavu.

"Mjukuu wangu, hilo linawasha?"

"Hapana bibi."

"Ukilifinya unasikia?"

"Kidogo."

"Basi kesho alfajiri tunakwenda hospitali. Na hayo mafuta yako ya dukani uyaache humu ndani."

Bibi hakuwa amesomea udaktari. Alikuwa amekulia Ifakara. Mji huu kabla ya kujulikana kwa mchele, na kabla ya watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara kuwajua mbu wa hapa mmoja mmoja kuliko mashabiki wanavyowajua wasanii wao, ulijulikana kwa Nazareti, mahali walipotunzwa wagonjwa wa ukoma tangu enzi za wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, walewale walioijenga Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Wazee wa huku walikua wakiwaona watu wenye ukoma sokoni na kanisani. Wanalijua baka lisilowasha. Vijana wa mjini hawalijui, kwa sababu wameambiwa ukoma ni neno la kwenye Biblia.

Kilichotokea kliniki kinafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu hakuna simu iliyohusika.

Nesi hakuanza na shavu. Alimpeleka nyuma ya pazia, akamwomba avue blauzi, akafungua dirisha mwanga wa jua uingie. Mgongoni na nyuma ya mkono wa kulia yakaonekana mabaka mengine sita, yamepauka vilevile, ambayo mwenyewe hakuwahi kuyaona kwa sababu hakuna anayejipiga selfi mgongo. Nesi akatoa pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi.

"Fumba macho mwanangu. Kila ukihisi naguswa, onyesha hapo kwa kidole."

Begani akaonyesha. Shingoni akaonyesha. Shavuni akaonyesha, ila kwa kusitasita. Uso una mishipa mingi ya fahamu, kwa hiyo baka la usoni linaweza kubaki na hisia hata kama ni ukoma. Mtu anayepima shavu peke yake anaweza kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani. Pamba ilipofika kwenye mabaka ya mgongoni, kidole cha MC kilitulia. Nesi aligusa mara tatu, nne, mahali tofauti. Kimya. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi anaangalia, akaanza kulia taratibu.

Baada ya hapo nesi alipapasa nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga anasikia kama kapigwa shoti. Mshipa wa fahamu unaopita hapo unahudumia kidole kidogo na jirani yake. Wa kushoto ulikuwa wa kawaida. Wa kulia ulikuwa umevimba kama kamba ya katani. Pasi ya nywele ikawa imeelezeka. Mwisho wakachukua sampuli kwenye ndewe ya sikio kwa mkato mdogo, wakaipaka kwenye kioo na kuitia rangi, na chini ya darubini vikaonekana vijiti vyekundu vya bakteria wa ukoma, yule aliyegunduliwa na Hansen, daktari wa Norwei, mwaka 1873.

Baka lisilo na hisia, mshipa wa fahamu uliovimba, bakteria kwenye sampuli. Kimoja tu kati ya hivyo, kikiwa cha uhakika, kinatosha kusema ni ukoma. Yeye alikuwa navyo vyote vitatu. Na kati ya vyote, hakuna kinachoonekana kwenye picha.

Watetezi wa komenti watasema: lakini si watu walisaidia kumshtua? Hapana. Watu walimfundisha kujificha. Mtu akishaambiwa mbele ya mji mzima kwamba ana miwaya, hatakwenda kukaa kwenye benchi la kliniki ambako wapiga umbea wanapita. Ataongeza fondesheni. Miezi ile ya fondesheni ndiyo mshipa wa kiwiko ulipokuwa unakufa, na mshipa uliokufa haurudi kwa dawa yoyote. Bakteria huyu ni mvivu mno, anagawanyika mara moja kwa takribani wiki mbili, na mtu anaweza kukaa miaka mitano au hata ishirini tangu aambukizwe kabla hajaona kitu. Anatoa muda mwingi wa kumkamata. Aibu ndiyo inayoula ule muda.

Tanzania ilitangaza mwaka 2006 kwamba imefikia lengo la kimataifa la kuuondoa ukoma kama tatizo la afya ya jamii kitaifa, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Habari nzuri, lakini wastani wa nchi haukai Kilombero. Kulikuwa na sababu ya wilaya ya Kilombero kuchaguliwa, pamoja na Liwale na Nanyumbu, kwenye mpango wa kuwapa watu wa karibu na mgonjwa dozi moja ya rifampisini ili kupunguza hatari ya kuugua. Ugonjwa ulikuwa bado upo. Unaambukizwa kwa njia ya hewa, kwa kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Si kwa kushikana mikono na MC kwenye send-off, wala kwa kupokea maiki yake.

Matibabu ni bure. Vidonge vinakuja kwenye pakiti ya mwezi, dozi kubwa inamezwa mbele ya mhudumu, zilizobaki nyumbani. Mwenye mabaka machache, miezi 6. Mwenye mengi kama yeye, miezi 12. Muda mfupi baada ya kuanza dawa mgonjwa haambukizi tena. Mkojo unakuwa mwekundu kwa sababu ya rifampisini, na hilo lisimtishe mtu. Ila kuna dawa moja ndani ya pakiti, klofazimini, ambayo hugeuza ngozi ikawa ya kahawia iliyokolea, karibu na weusi. Hali hiyo hupungua polepole baada ya kumaliza dozi.

Wapenda ubuyu walipomwona ameiva rangi, nadharia ikabadilika. "Kaacha mkorogo, sasa rangi yake halisi inarudi!" Wengine wakampongeza kwa kujikubali. Mtu anameza dawa za ukoma, mtaa unampigia makofi kwa kuacha vipodozi. Ndivyo uchunguzi wa macho ulivyo, unakosea hata unaposifia.

Mdomo nao hauponi. Kuna DJ mmoja wa pande za Mang'ula, kijana wa watu, alirusha video anacheka mdomo wazi. Ndani ya shavu na juu ya ulimi kulikuwa na utando mweupe. Komenti ya kwanza: "Ngoma hiyo." Ya pili: "Ngoma tena ya siku nyingi." Akaacha kucheka hadharani, halafu akaacha kwenda kwenye shughuli.

Daktari alifanya jambo la sekunde kumi: alichukua kipande cha kitambaa safi cha hospitali, akaufuta ule utando. Ukatoka kama maziwa yaliyoganda, chini yake pekundu, panauma. Utando unaofutika hivyo mara nyingi ni fangasi ya mdomoni. Swali linalofuata ni kwa nini fangasi ipate nafasi. VVU ni sababu mojawapo kubwa, kweli. Lakini kisukari pia, antibayotiki za muda mrefu pia, meno ya bandia pia, na yule DJ ana pumu: anavuta dawa ya steroidi asubuhi na jioni na hakuna aliyewahi kumwambia asukutue mdomo baada ya kuvuta. Alipimwa na VVU pia, kama anavyopaswa kupimwa yeyote mwenye dalili ile, na majibu yake ni yake.

Utando usiofutika ni habari nyingine. Ukiwa kwa mla ugoro au mvutaji, hasa mahali anapoweka ugoro, unaweza kuwa mwanzo wa safari ya saratani na unahitaji kukatwa kipande kidogo kikapimwe. Ukiwa ubavuni mwa ulimi, una mistari kama manyoya, hausogei ukikwanguliwa, unahusiana sana na kinga iliyoshuka. Na lile doa la zambarau kwenye kaakaa, ambalo haliumi na mtu anaweza kukaa nalo bila kujua mpaka atanue mdomo kwa daktari wa meno, linaweza kuwa saratani ya Kaposi. Kwa mwenye VVU doa hilo ni haraka ya leo. Kidonda chochote cha mdomoni kilichopita wiki mbili bila kupona hakihitaji asali wala maoni ya wadau, kinahitaji mtu mwenye taa na glavu.

Vivyo hivyo mkanda wa jeshi. Vijana wanaupaka majivu na kuuita uchawi kwa sababu unafuata upande mmoja wa mwili na kusimama katikati kama umechorwa kwa rula. Unafuata njia ya mshipa wa fahamu, ndiyo maana hauvuki. Ni virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimelala tangu utotoni. Kwa mzee wa miaka 70 unaweza kuja wenyewe tu. Kwa kijana wa miaka 25 ni sababu nzuri ya kwenda kupima VVU wiki hiyohiyo, kwa sababu dawa za kufubaza virusi zipo, na wanaozianza mapema wanaishi, wanazaa, wanapiga shoo.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa simu hawakitaji. Picha nyingi zinazotokea mtu akitafuta ugonjwa wa ngozi mtandaoni ni za ngozi nyeupe. Pale wanapoandika "wekundu", kwenye ngozi ya Mndamba au Mpogoro wekundu huo unaweza kuonekana zambarau, kijivu, au weusi zaidi ya kawaida. Mtu anatafuta wekundu, haoni, anajiridhisha. Halafu kuna filta, ambayo kazi yake yote ni kufuta ushahidi. Ndiyo maana chuo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, ni hazina kuliko akaunti yoyote yenye tiki ya bluu. Waganga hao ni wachache mno kwa nchi hii, na hiyo ndiyo lawama inayostahili kelele za mitandaoni. Kelele hizo hazijasikika.

Hata ng'ambo ya mto tu hadithi inabadilika. Mtu akivuka Daraja la Magufuli kwenda Ulanga, akapanda mpaka Mahenge, muwasho wa miaka mingi na madoa meupe kwenye ugoko kama ngozi ya chui unaweza kuwa usubi, minyoo inayoletwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Hapo kipimo ni kunyofoa kipande cha ngozi kidogo kama punje, kukiweka kwenye maji ya chumvi na kusubiri vijiminyoo vitoke vyenyewe chini ya darubini. Muwasho ule ungewekwa Instagram, ungeitwa aleji ya sabuni.

Watu wa nyumba ya MC walikaguliwa wote, ngozi nzima, mbele na nyuma. Mdogo wake wa kiume aligoma mwanzoni, akisema yeye hana baka. Bibi akamwambia, "Wewe umewahi kuuona mgongo wako?" Akavua shati. Hakukutwa na kitu.

Dozi imekwisha. Rangi inarudi taratibu, baka la shavu karibu halionekani, na send-off za Ifakara msimu huu zimempata tena. Kidole kidogo cha mkono wa kulia na mwenzake wa jirani vimebaki vimejikunja, mazoezi yanasaidia ila havinyooki. Kwa hiyo anashika maiki kwa vidole vitatu, viwili vimekunjwa pembeni. Wiki chache zilizopita video yake imezunguka tena, safari hii watu wanasifia swaga. Kuna MC wawili wanaochipukia pale Kibaoni wameanza kushika maiki vilevile.